Kuandika Sauti Nyumbani: Faida na Hasara

Hapa Misungwi wapo akina mama wanaouliza kama inafaa kufanyia kampuni za ng'ambo kazi ya kusikiliza sauti zilizorekodiwa na kuziandika kwa kompyuta. Faida ipo: mama hapandi basi kwenda Mwanza, na mtoto ananyonya kwa wakati.

Lakini piga hesabu kwanza. Malipo huhesabiwa kwa dakika za sauti, si kwa saa ulizokaa. Sauti ya saa moja humchukua mzoefu kama saa nne. Anayeanza huchukua hata sita. Mwaka 2019 kampuni ya Rev ya Marekani ilishusha kima cha chini kutoka senti 45 za dola hadi 30 kwa dakika. Hapo saa moja ya sauti ni dola 18. Kwa anayeanza, dola 3 kwa kila saa ya jasho, kabla ya umeme na intaneti. Si haba, ila kazi haiji kila siku, na siku hizi mashine nazo zinaandika.

Kama muuguzi nakushauri: inuka kila nusu saa unyooshe mgongo, na usifungulie sauti kubwa masikioni. Anayekudai ada ili akuajiri, mkimbie. Keti na mumeo, mpange saa za kazi, ili usingizi wako usiwe ndio mtaji.