Kwa Miguu Hadi Pangani

Marathoni ni kilomita 42.195. Kutoka Tanga hadi Pangani kwa barabara ni kama 50, nasi akina mama watano tuliamua kwenda mbio kwa kufuata ufukwe. Waume zetu walicheka, lakini wakakubali kubaki na watoto.

Tulichagua siku ya bamvua, mwezi ukiwa mpevu, kwani siku hizo maji hupwa kabisa yapata saa nne asubuhi na mchanga huwa mgumu. Tuliondoka alfajiri. Tulifika salama Tongoni, penye magofu ya msikiti wa kale, ingawa tope la mikoko lilimeza kiatu cha mwenzetu mmoja!

Kosa letu ni kupumzika mno Kigombe. Kufika kwenye rasi saa saba na nusu, maji yanajaa, mawimbi yanapiga mwamba. Mwenzetu anayenyonyesha alitaka tupite tu. Maziwa yalimjaa hadi yanamuuma. Mama mmoja aliyekuwa akirudi na pweza wake akatuzuia: "Dada zangu, hapo hampiti mpaka jioni."

Tukapanda juu, tukakata mashamba ya mkonge hadi barabarani. Tuliingia Pangani saa kumi na moja. Baba mtoto alikuwa akitungoja ukingoni mwa mto, mtoto analia begani.