Baraka ya kwanza ilikwenda majini

Waulize Wakristo wanaotoka kanisani Jumapili ni nani alikuwa wa kwanza kubarikiwa katika Biblia. Wengi watajibu Adamu, wachache watasema Abrahamu. Sasa fungua kitabu cha Mwanzo, sura ya 1, aya ya 22. Ni siku ya tano. Binadamu hajaumbwa bado, wala ng'ombe. Mungu anawabariki viumbe wa majini na ndege, na kuwaagiza wale wa majini waijaze bahari kwa uzao wao. Baraka inayofanana na hiyo inatufikia sisi aya sita baadaye. Wanyama wa nchi kavu, walioumbwa siku moja na sisi, hawakuandikiwa baraka yoyote katika sura hiyo.

Mpendwa msomaji, naandika haya nikiwa Rubya, wilayani Muleba, mahali ambapo mtu akisema anakwenda majini tunaelewa Ziwa Victoria. Ndugu zetu wanavua sangara na dagaa kuanzia Bumbire hadi Goziba na Ikuza. Bahari ya chumvi iko zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara, na wazee wengi wa parokia zetu wameiona kwenye kalenda tu. Hata hivyo bahari ilifika huku kabla ya barabara. Wamisionari wa Afrika walipofungua misheni ya Kashozi mwaka 1892, fedha iliyokuwa ikitumika Buhaya ilikuwa simbi, ensimbi kwa Kihaya. Jirani zetu Waganda mpaka leo huita pesa ensimbi. Simbi ni gamba la konokono wa baharini, lililobebwa kutoka Bahari ya Hindi mabegani mwa watu. Babu zetu walioa, walilipa deni na walihesabu mali kwa nyumba ya mnyama ambaye hawakuwahi kumwona akiwa hai.

Mnyama huyo na jamaa zake wana tatizo.

Tangu viwanda vianze kuchoma makaa ya mawe, na baadaye mafuta, binadamu amejaza angani hewa ya ukaa. Kabla ya viwanda ilikuwa kama sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa. Sasa imepita 420. Tumezoea kuambiwa kwamba hewa hiyo inaongeza joto na kuvuruga mvua, na mkulima wa migomba hahitaji profesa wa kumthibitishia. Jambo tusiloambiwa mara nyingi ni kwamba karibu robo ya hewa ya ukaa tunayoitoa kila mwaka humezwa na bahari. Hewa ya ukaa ikiingia katika maji hufanya asidi. Kila mtu ameionja: ule ukali wa soda ulimini unatokana na hewa hiyo hiyo iliyoshindiliwa ndani ya chupa.

Bahari haijawa soda, wala haitakuwa. Maji yake bado hayako upande wa asidi. Wataalamu hupima kwa kipimo kiitwacho pH, na tangu enzi za viwanda kipimo cha maji ya juu ya bahari kimeshuka kutoka kama 8.2 hadi 8.1. Mtu ataona hiyo ni tofauti ya kuchekesha. Lakini kipimo hicho hupanda kwa kuzidisha mara kumi kila hatua, kwa hiyo mshuko huo mdogo maana yake ni asidi kuongezeka kwa karibu asilimia 30. Mkulima wa Kagera ataelewa upesi kuliko wengi. Mvua zetu nyingi zimeosha rutuba ya rweya na kuuacha udongo wake na tindikali, ndiyo maana kibanja kinahitaji nyasi na samadi miaka yote. Kwa macho rweya na kibanja vyote ni ardhi. Mgomba ndio unaojua tofauti.

Baharini wanaojua tofauti ni wale wasio na uti wa mgongo: chaza, kombe, konokono, matumbawe, na wale wanyama wa miiba mirefu myeusi ambao kila mwogeleaji wa pwani huwaogopa. Hawa hujenga magamba na mifupa yao kwa chokaa, na malighafi ya chokaa hiyo, iitwayo kabonati, wanaichota majini. Asidi inapoongezeka, kabonati hupungua, kwa sababu asidi huifunga isiweze kutumika. Ni kama fundi anayejenga nyumba huku bei ya tofali inapanda kila asubuhi. Nyumba haijaanguka, lakini fundi anachoka, anajenga ukuta mwembamba, na hana nguvu ya kufanya kingine. Mnyama anayemaliza nguvu zake kwenye gamba hukua polepole, huzaa kidogo na hushindwa kupambana na magonjwa.

Wanaoumia zaidi ni watoto. Mtoto wa chaza hujenga gamba lake la kwanza katika siku mbili hivi za mwanzo wa maisha yake, kabla hajaweza kula vizuri. Anatumia akiba ndogo aliyoachiwa na mama yake ndani ya yai. Mwaka 2007 na 2008, katika kituo cha kutotolea chaza kwenye ghuba ya Netarts, jimbo la Oregon huko Marekani, watoto hao walikufa kwa wingi na wenyewe hawakujua kwa nini. Walidhani ni vijidudu. Uchunguzi ulionyesha kwamba upepo ulikuwa ukivuta juu maji ya kilindini yaliyojaa hewa ya ukaa, na maji hayo ndiyo yaliyokuwa yakiingia katika matangi. Asidi haikuwayeyusha watoto wale. Ilifanya kazi ya kujenga iwe ghali kiasi kwamba akiba ya mama iliisha kabla ukuta haujakamilika. Kituo kilipona kwa kupima maji kila wakati na kuyatia kemikali ya jamii ya magadi, yale yale ambayo jikoni yanalainisha maharage. Kwenye tangi hilo linawezekana. Hakuna magadi ya kutosha bahari nzima.

Niwe mkweli, si kila kiumbe anaumia sawa. Katika majaribio ya maabara, aina fulani za kaa na kamba wakubwa walijenga magamba mazito zaidi maji yalipotiwa hewa ya ukaa. Ndiyo maana sipendi mahubiri yanayochukua kila habari ya namna hii na kuigeuza ishara ya mwisho wa dunia. Yanamtisha mtu Jumapili na kumwacha bila kazi ya kufanya Jumatatu.

Anayetaka kuona bila kubahatisha aangalie kisiwa cha Ischia, karibu na mji wa Napoli, Italia. Pale hewa ya ukaa hububujika yenyewe kutoka chini ya bahari kwa sababu ya volkano. Watafiti walitangaza mwaka 2008 kwamba kadiri unavyokaribia mapovu, matumbawe yanatoweka, wale wa miiba wanapungua, na konokono wanabaki na magamba yaliyoliwa. Kinachostawi pale ni nyasi za baharini, kwa kuwa hewa ya ukaa ni chakula chao.

Nyasi hizo tunazo. Katika ghuba ya Chwaka, mashariki ya Unguja, mwanasayansi wetu wa Kitanzania, Immaculate Semesi, na wenzake walionyesha katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kwamba mchana, jua likiwaka, nyasi za baharini hunyonya hewa ya ukaa majini na kupunguza asidi, na mimea ijengayo chokaa iliyo katikati yake hujenga kwa kasi kubwa zaidi. Usiku nyasi hupumua na kazi hiyo husimama. Hata hivyo ni kimbilio. Kwenye ghuba za namna hiyo wanawake hushuka na ndoo maji yakipwa kuokota chaza na kombe, na pweza anayevuliwa kutoka Pemba hadi Kilwa anashiba kaa na konokono hao hao. Nyasi zikikokotwa na nyavu au kung'olewa, kimbilio hilo linakwenda.

Sasa swali la dhamiri, ambalo ndilo lililonifanya niandike. Hosea, sura ya 4, aya ya 3, anasema kitu kigumu: nchi imekosa uaminifu na kumjua Mungu, na adhabu inawafikia hata samaki wa baharini. Samaki wale hawakuwa wametenda lolote. Baba Mtakatifu Fransisko aliigusa habari hii ya asidi ya bahari kwa jina lake katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, namba 24, akaeleza kwamba inaathiri mlolongo wa chakula cha baharini. Wengi wetu tunao waraka huo kabatini. Namba 24 tuliipita.

Muumini mmoja wa huku anaweza kuniuliza: kosa langu liko wapi? Ni swali la haki. Afrika nzima haifikishi asilimia tano ya hewa ya ukaa inayotolewa duniani na viwanda na mafuta, na Tanzania haifikii hata asilimia moja. Mama wa Rubya anayepika ndizi kwa kuni tatu hawezi kuwekwa benchi moja na nchi zilizochoma makaa ya mawe kwa miaka mia mbili. Anayemhubiria toba ya aina moja na wao anamwonea. Toba kubwa inadaiwa kwao, na maaskofu wetu wanayo haki ya kuidai kwa sauti kwenye mikutano ya dunia. Lakini kuna dhambi ya kutenda na kuna dhambi ya kutojali. Kukosa hatia ya moshi hakutupi ruhusa ya kusema konokono wa Chwaka hatuhusu, na sisi ndio watu ambao mahari ya bibi zetu ilihesabiwa kwa magamba.

Tarehe 1 Septemba, kwa agizo la mwaka 2015 la Papa Fransisko, Wakatoliki huadhimisha siku ya kuombea utunzaji wa uumbaji, na Makanisa mengine yanashiriki. Katika maombi ya waumini huwa tunaombea mvua, mavuno na wavuvi walio ziwani. Hakuna ubaya kuongeza ombi moja kwa ajili ya viumbe wa siku ya tano, kwa kuwataja.

Na mlezi wa watoto wa Utoto Mtakatifu anayetaka kuwafundisha somo hili hahitaji kitabu. Jumamosi mchana achukue yai bichi, alitumbukize katika glasi ya siki na kufunika. Ganda la yai ni chokaa, sawa na gamba la simbi. Mapovu yataanza mara moja. Siki ni kali mara nyingi kuliko maji ya bahari, na hilo awaeleze, wasije wakadhani chaza wanachemka. Jumapili baada ya Misa ya pili alitoe taratibu kwa kijiko, aliweke kiganjani mwa mtoto mmoja baada ya mwingine. Ganda litakuwa limekwisha. Yai litakuwa zima, laini, limeshikwa na ngozi nyembamba tu.