Unadai Kuenda Mars? Kwanza Jua Mionzi ya Angani Itafanyia Seli Zako Nini

Wasee wengi wakiskia safari ya Mars wanawaza roketi na doh. Lakini moja ya vitu zinanyima wanasayansi usingizi ni ndogo sana: seli zako.

Hapa chini, ukiwa Nairobi ama Lodwar, uko na ngao mbili za bure. Kuna hewa iliyo juu yako, na kuna usumaku wa dunia. Hizo zinazuia karibu mionzi yote hatari ya angani. Ukitoka nje yazo, ni wewe na Mungu wako.

Mionzi yenyewe inatoka pande mbili. Jua saa zingine hulipuka na kumwaga protoni kwa wingi. Halafu kuna ile inatoka mbali kwa galaksi, kwa nyota zilizolipuka kitambo. Hiyo ndio noma, juu ndani yake kuna viini vya atomi nzito kama chuma, vikikimbia karibu na spidi ya mwanga. Ukuta wa chombo hauwezi kuvizuia vyote.

Sasa kiini kama hicho kikipita kwa seli, kinakata DNA. DNA iko kama ngazi iliyosokotwa. Upande mmoja ukikatika, seli inakopi ule umebaki na kujirekebisha. Pande zote mbili zikikatika pamoja, kazi inakuwa ngumu. Mionzi pia inavunja maji yaliyo ndani ya seli, na vipande vyake vinarudi kushambulia DNA.

Hapo seli iko na njia tatu: ijirekebishe vizuri, ife, ama ijirekebishe vibaya na iendelee kugawanyika. Hiyo ya tatu ndio inaweza kuleta saratani, na unaweza kaa miaka mob kabla ujue.

Hizi si stori za jaba. Wanaanga wa Apollo walikuwa wakifunga macho na bado wanaona mwanga ukimulika, juu miale ilikuwa inapita kwa macho na vichwa vyao. Scott Kelly naye alikaa angani siku 340, kati ya 2015 na 2016, huku pacha wake Mark amebaki duniani. Wanasayansi walipowalinganisha, walipata vipande vya kromosomu za Scott vimegeuzwa. Na kituo chake kilikuwa kilomita 400 tu juu, bado ndani ya ngao ya usumaku.

Cheki Mars sasa. Chombo cha Curiosity kilipima mionzi njiani kikienda, na hesabu ikatoa takriban milisiverti 660 kwa kuenda na kurudi. NASA inamruhusu mwanaanga 600 kwa maisha yake yote ya kazi. Mtu wa kawaida duniani hupata karibu 2.4 kwa mwaka. Yaani safari peke yake inapita kipimo, na hujahesabu siku utakaa huko.

Kuongeza chuma kwa ukuta haitoshi, juu miale ikigonga chuma inaweza zalisha miale mingine. Maji na plastiki hukinga poa zaidi, juu ziko na haidrojeni mob. So msee akikuambia ako tayari kuhamia Mars, muulize ukuta wa hiyo chombo umetengenezwa na nini.