Mkutubi Avuke Kizingiti

Ukutubi una chuo chake Bagamoyo, SLADS, kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Anayehitimu pale anajua kuainisha kitabu, kukiorodhesha na kukitunza, na hayo si madogo. Lakini akipangiwa Shinyanga au Geita, atakuta watu wenye maswali ambayo hayamo kwenye rafu. Mchimbaji mdogo wa Rwamgasa anataka kujua leseni inampa haki gani duara, yaani shimo la kuchimbia, linapogombewa. Mama anachenjua dhahabu kwa zebaki, mikono mitupu, mtoto mgongoni; Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, ila mkataba haujisomi wenyewe. Kijana ameacha shule akifuata rushi ya dhahabu. Hakuna hata mmoja kati yao atakayeingia maktaba kuuliza kitabu kwa namba yake. Kuwafikia watu hawa, kuwakutanisha na kuandaa nao shughuli zinazowafaa ni ufundi, na ufundi hufundishwa. Wakutubi wa ukanda huu wanastahili kuupata wakiwa kazini, tena si mara moja tu.

Ukanda wenyewe umeshatoa ushahidi. Kati ya 1968 na 1972, Tanzania na UNESCO ziliendesha mradi wa majaribio wa kisomo cha watu wazima katika mikoa minne ya Ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao sasa ni Kagera. Vitabu vilitungwa kutokana na kazi za watu: pamba, ng'ombe, uvuvi, migomba. Wengi waliofundisha hawakuwa walimu kwa taaluma. Walikuwa watu wa vijijini humohumo waliopewa mafunzo mafupi. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, iliyokusanya watu wapatao milioni 2 nchini kote. Walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Sauti ya redio ilikuwa ileile kila mahali. Kilichoigeuza kuwa vyoo, kwa maoni yangu, ni viongozi wa vikundi, makumi ya maelfu, waliofunzwa kuongoza mazungumzo badala ya kuhutubia. Ustadi huohuo ndio anaouhitaji mkutubi wa leo.

Kuna watakaosema kampeni zile zilibebwa na chama na serikali nzima, ilhali maktaba ya mkoa ina watumishi wachache na bajeti finyu, basi vitabu vitangulie. Pingamizi hili lina uzito, kwa kuwa aliyejifunza kusoma asipate cha kusoma husahau. Lakini mkutubi asiyewajua watu wake ataagiza vitabu kwa kubahatisha, na vitabaki vipya miaka kumi. Kuhusu fedha, mabadiliko ya mwaka 2017 katika Sheria ya Madini yanaitaka migodi kuandaa kila mwaka mpango wa kuwajibika kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Geita kuna mgodi mkubwa tangu 2000, na Bulyanhulu upo jirani. Katika mipango hiyo, darasa na zahanati huonekana kwa macho, kwa hiyo ni rahisi kuzitetea kikaoni. Halmashauri ithubutu kuingiza humo pia mafunzo ya wakutubi, yanayogharimu sehemu ndogo sana ya bei ya jengo. Wengine watahofu kwamba mtumishi akishafunzwa atahamishwa. Basi wafunzwe kwa timu, pamoja na mwalimu na mhudumu wa afya wa kata, ili akiondoka mmoja kazi isiondoke naye.

Mafunzo hayo yasifanyike Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Geita. Yafanyike Kahama au Nyarugusu, na siku ya kwanza mkutubi asifundishwe chochote: aende mwaloni, dhahabu inakochenjuliwa, na gulioni akasikilize watu wanauliza nini. Ajizoeze kuanzisha mjadala kwa Kisukuma pale wazee wanapokitaka, ndipo kitabu cha Kiswahili kifunguliwe. Baada ya mwezi warudi pamoja kuelezana nani alikuja, na nani hakurudi tena na kwa nini. Huenda jibu la kwanza likawa jepesi kuliko tunavyodhani: maktaba hufungwa kabla mchimbaji hajatoka duarani.