Makumbusho na Jamii: Safari ya Fuvu la Mtwa Mkwawa katika Historia ya Makumbusho Nchini Tanzania

1.0 Utangulizi

Neno makumbusho limetokana na kitenzi kumbusha, ambacho ni kauli ya kutendesha ya kumbuka. Kisarufi, kitenzi hicho hudai yambwa: anayekumbusha hana budi kumkumbusha mtu fulani jambo fulani. Katika historia ya taasisi zinazoitwa kwa jina hilo nchini Tanzania, suala la nani anamkumbusha nani limeathiri uamuzi wa kitu gani kihifadhiwe, kiwekwe wapi na kielezwe vipi. Makala hii inafafanua suala hilo kwa kufuatilia safari ya fuvu la Mtwa Mkwawa wa Wahehe, kisha inalitazama kwa mfano wa makumbusho mawili ya Dar es Salaam yaliyofunguliwa katika vipindi tofauti vya kisiasa.

2.0 Fuvu kama Nyara na kama Kielelezo

Mwezi Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe walikishinda kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Ngome ya Kalenga ilitekwa mwaka 1894, lakini Mkwawa aliendelea na vita vya kuvizia hadi mwaka 1898, alipojiua kwa risasi ili asikamatwe akiwa hai. Kichwa chake kilikatwa, na fuvu likaaminika kupelekwa Ujerumani.

Tukio hilo halikuwa la pekee. Katika kipindi hicho makumbusho ya Ulaya yalikuwa yakikusanya mafuvu kutoka makoloni ili yapimwe na kutumiwa kuainisha watu kwa misingi ya rangi. Fuvu lililoingia katika hazina ya namna hiyo lilikuwa katika hatari ya kupoteza jina na kubaki na namba. Kwa mtunzaji lilikuwa kielelezo. Kwa jamii iliyofiwa lilikuwa ndugu ambaye maziko yake hayajakamilika. Tofauti hiyo ya mitazamo ndiyo kiini cha madai yaliyofuata.

3.0 Mkataba wa Versailles na Urejeshaji wa 1954

Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kiliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa katika muda wa miezi sita. Hata hivyo, aliyetajwa kuwa mpokeaji ni Serikali ya Uingereza, si Wahehe. Hivyo basi, fuvu lilidaiwa kwa jina la mtawala mpya kutoka kwa mtawala wa zamani, na wenyewe wakawa nje ya maandishi ya mkataba.

Ujerumani ilikana kuwa na fuvu hilo, na shauri likakaa kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 1953, Gavana Edward Twining alifika katika makumbusho ya Bremen, yaliyokuwa na mafuvu yapatayo 2,000. Yale yaliyotoka Afrika Mashariki yalitengwa, kisha vipimo vyake vikalinganishwa na vya jamaa wa Mkwawa. Kwa maneno mengine, upimaji uleule uliotumika kuwaondolea marehemu majina yao ndio uliotumika kumrudishia mmoja wao jina lake. Kwa sababu hiyo baadhi ya wanazuoni wametilia shaka utambuzi huo.

Tarehe 19 Juni 1954, fuvu lilikabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, huko Kalenga. Hadi leo linahifadhiwa ndani ya kioo katika makumbusho ya hapo, ilhali kaburi la Mkwawa liko Mlambalasi. Kalenga kwa hiyo ni mahali pa heshima ya kifamilia na wakati huohuo ni mahali pa maonyesho. Mgeni hutazama, mzao huzuru. Shaka ya kitaalamu haijafuta thamani hiyo ya kijamii, ingawa inabaki kuwa swali halali la kihistoria.

4.0 Makumbusho ya Dar es Salaam

Makumbusho yaliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1940 yaliwekwa kuwa kumbukumbu ya Mfalme George V wa Uingereza. Hapa jibu la swali la msingi lilikuwa wazi: mtawala alimkumbusha mtawaliwa juu ya mfalme aliyefariki mbali.

Kijiji cha Makumbusho, kilichofunguliwa mwaka 1967, uleule wa Azimio la Arusha, kiligeuza mwelekeo huo. Nyumba za jadi za makabila mbalimbali zilijengwa katika eneo moja, ili Watanzania wakumbushane jinsi walivyoishi. Hata hivyo, nyumba iliyoondolewa katika ukoo, shamba na makaburi yake huonekana kana kwamba haijawahi kubadilika. Umoja wa taifa ulioneshwa kwa gharama ya kusimamisha historia ya kila jamii. Pamoja na hayo, wakazi wa jiji wamelifanya jina hilo kuwa lao: Makumbusho sasa ni jina la kata na la kituo cha mabasi.

5.0 Hitimisho

Suala hili halijafungwa. Mwezi Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha akiwa Songea, katika Makumbusho ya Majimaji, mbele ya wazao wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906 na ambaye fuvu lake bado linatafutwa. Mfano wa Mkwawa unaonesha kwamba urejeshaji haukamiliki kwa kusafirisha mabaki pekee. Yapo mambo matatu ya kuamuliwa: nani anatajwa kuwa mpokeaji, utambuzi unafanywa kwa kigezo gani, na marehemu analazwa kaburini au anawekwa kiooni. Makumbusho yanayowaachia wazao nafasi ya kuamua mambo hayo ndiyo yanayostahili jina lake, kwa kuwa yanamkumbusha mwenye msiba kwa idhini yake.