Kwa Nini Dawa Moja Humponya Huyu na Kumdhuru Yule?

Askari akipewa kidonge na mganga wa kikosi hukimeza bila kuuliza, kwani amri ni amri. Hata hivyo iko dawa moja iliyotufundisha sisi wanajeshi kwamba watu waliopimwa pamoja, wakaonekana wazima pamoja, yamkini hawana damu ya namna moja.

Dawa hiyo ni primakwini. Wakati wa vita vya Korea (1950-1953) askari wengi wa Marekani walirudi kwao na malaria ya aina inayojificha ndani ya ini na kuibuka tena baada ya miezi. Primakwini huviua vijidudu hivyo mafichoni mwao, kwa hiyo askari walipewa kila siku kwa majuma mawili. Wengi walipona. Wachache, hasa wenye asili ya Afrika, walianza kukojoa mkojo mweusi kama kahawa, macho yakawa ya manjano, na nguvu zikawaishia.

Uchunguzi ulifanyiwa katika gereza la Stateville, jimbo la Illinois, kwa wafungwa waliojitolea. Ingawa kwetu sisi, hiari ya mtu aliye kifungoni ni neno la kujadiliwa. Miongoni mwa wachunguzi alikuwamo Ernest Beutler, daktari kijana aliyekuwa akitumikia jeshi. Chembe nyekundu za mtu aliyedhurika zilitiwa alama, akaongezewa mwenzake asiyedhurika, naye akapewa primakwini. Chembe zile ngeni zikapasuka, zake mwenyewe zikasalimika. Matokeo yalitangazwa mwaka 1954: kasoro imo ndani ya chembe yenyewe. Mwaka 1956 ikajulikana kuwa ni upungufu wa protini iitwayo G6PD.

Protini hii ni kimeng'enya kinachoikinga chembe nyekundu isiunguzwe na sumu za oksijeni, ambazo primakwini huzizidisha. Chembe hiyo ikishakomaa haina kiini, haiwezi kujitengenezea protini mpya. Huishi siku 120 hivi kwa akiba ya mwanzo, mfano wa askari aliyepelekwa mpakani na risasi za siku ya kwanza tu. Katika aina ya kasoro iliyoenea Afrika akiba hiyo huharibika mapema, na chembe kongwe ndizo zinazopasuka kwanza.

Jeni inayotoa maagizo ya protini hii imo katika kromosomu ya X. Mwanamume anayo moja tu, aliyopewa na mama yake. Ikiwa na kasoro hana ya akiba. Inakisiwa kuwa watu zaidi ya milioni 400 duniani wana upungufu huu, nao umeenea hasa palipotawala malaria, kwa kuwa huwapa baadhi yao nafuu dhidi ya ugonjwa huo.

Afrika nayo ilipata somo lake. Dawa ya malaria iitwayo Lapdap, yenye dapsoni ndani yake, iliondolewa mwaka 2008 baada ya kuonekana ikiwapunguzia damu wagonjwa wenye upungufu huo. Mwenye upungufu asipokutana na dawa za namna hii aghalabu huishi bila dalili yoyote, hupiga gwaride na kubeba mzigo sawa na wenziwe. Kumtambua kunahitaji kipimo cha damu kidogo tu, kabla ya kidonge cha kwanza.