Muuguzi mpya na mtihani wa kazi ya kwanza

Jioni moja baada ya swala ya Isha, binti aliyehitimu stashahada ya uuguzi alifika mbele ya kamati yetu ya msikiti hapa Mpanda, akifuatana na mama yake mdogo. Mkononi alikuwa na barua ya kuacha kazi. Alikwisha kuiandika na kuitia saini, ila hakuwa ameipeleka. Alikuwa na miezi minane katika kituo chake cha kwanza, mbali na mji, na mbali zaidi na Tanga alikozaliwa. Alituuliza swali moja: je, kuiacha kazi hii ni dhambi?

Hatukumjibu papo hapo. Tulimsikiliza. Alitueleza kuwa zamu za usiku hukaa peke yake, vifaa humwishia katikati ya kazi, na mkubwa wake humkaripia mbele ya wagonjwa. Usiku mmoja alimpokea msichana wa miaka 16 aliyekuwa akivuja damu baada ya kujifungua. Kwa rehema za Allah msichana yule alipona. Muuguzi ndiye aliyekosa usingizi tangu siku hiyo. "Chuoni nilifaulu," alisema, "lakini hapa najiona sijui kitu."

Maneno hayo si yake peke yake. Mwaka 1974 mtaalamu wa uuguzi wa Marekani, Marlene Kramer, aliandika kitabu kizima juu ya wauguzi wapya wanaokimbia kazi. Alieleza kuwa mhitimu huingia kazini na furaha, kisha hupatwa na mshtuko anapoona yale aliyofundishwa hayafanani na yale anayoyakuta wodini. Wengi huvuka hali hiyo na kutulia. Basi anayelia katika mwaka wa kwanza asidhani kuwa Allah hakumjaalia kazi hiyo.

Nasi wa Katavi tuna sababu ya kulitazama jambo hili kwa uzito. Sensa ya mwaka 2012, mwaka uleule mkoa wetu ulipomegwa kutoka Rukwa, ilihesabu watu 564,604. Sensa ya 2022 ilihesabu 1,152,958. Idadi imezidi maradufu katika miaka kumi. Aidha, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionesha kuwa asilimia 45 ya wasichana wetu wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au ni wajawazito, kiwango kilichopita mikoa yote nchini. Muuguzi mmoja anapoondoka, pengo lake huonekana kwanza kwa mabinti hao.

Hata hivyo, si haki kumtwisha binti mmoja mzigo wa mkoa mzima. Katika Uislamu uuguzi una heshima kongwe. Bibi Rufaida al-Aslamiyya (r.a.) alihudumia majeruhi katika hema lake ndani ya Msikiti wa Mtume (s.a.w.) Madina, na humo ndimo Saad bin Muadh (r.a.) alimouguzwa baada ya vita vya Khandaq. Tuzingatie kwamba hema lile lilikuwa msikitini, katikati ya Waislamu. Rufaida hakuachwa peke yake gizani kisha akahimizwa kusubiri.

Ndipo tukamjibu binti yule. Kuacha kazi kwa njia iliyo sawa si dhambi. Dhambi ni kuwatelekeza wagonjwa katikati ya zamu, bila makabidhiano wala taarifa. Surat al-Maida inaanza kwa kuwaamuru waumini watimize mikataba. Na katika Surat al-Qasas tunasoma kuwa Nabii Musa (a.s.) alikubaliana na mzee wa Madyan kumtumikia miaka minane, na kama angetimiza kumi, ingekuwa hisani yake. Alikuwa ugenini, mbali na kwao. Alipotimiza muda aliondoka na ahali zake, na hakuna aliyemwita msaliti.

Tulimshauri aitenganishe dhiki yake mafungu matatu. La kwanza ni ugeni wa kazi, ambao hupungua kadiri mkono unavyozoea. La pili ni upungufu wa kituo, ambao huombewa marekebisho kwa maandishi. La tatu ni dhulma: matusi, kuguswa kwa namna isiyofaa, au kulazimishwa kufanya jambo linalohatarisha mgonjwa. Hilo la tatu halisubiriwi. Huripotiwa ngazi ya juu, na likishindikana, huondokwa.

Anayeondoka aijue sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka anayelipwa kwa mwezi kutoa notisi isiyopungua siku 28, au siku saba akiwa katika mwezi wake wa kwanza. Pia inampa haki ya kupewa cheti cha utumishi. Mtumishi wa umma ana taratibu zake za ziada, na ni vema apime kwanza njia ya kuomba uhamisho.

Baada ya hapo ni shura na wenye uzoefu, kisha rakaa mbili za istikhara. Wengi hungoja ndoto. Istikhara ni dua ya kumkabidhi Allah jambo ulilokwisha kulipima, kisha unachukua hatua.

Wazazi nao wana sehemu yao. Msimwambie binti "vumilia" kabla ya kumuuliza analala wapi na anarudi na nani usiku. Na sisi wa misikiti tujiulize: ni wauguzi wangapi wageni wanaoswali nasi, na hatujui hata majina yao? Kamati yetu imewaomba akina mama wa darsa la Jumamosi wamtafutie binti huyu chumba kwenye familia iliyo jirani na kituo chake, ili asirudi kwenye nyumba tupu.

Binti aliirudisha barua mkobani. Ameandika nyingine kwa uongozi wake, akiomba mwenzake wa zamu ya usiku na mkunga mzoefu wa kumwelekeza. Amejiwekea muda hadi atimize mwaka mmoja. Wakimpa, atabaki. Wasipompa, barua ya kwanza anayo, na akiitoa, tutamsindikiza stesheni kwa dua, bila lawama.